Kichochoro Kilichonyooshwa

Asubuhi ile nilikuwa nimeketi kizingitini kwa kaka yangu Dingfu, namenya maharage mabichi na kuwafukuza bata walionizoea. Pilipili zilikuwa zimeanikwa kwenye nyungo juu ya paa la banda, wali umeanza kunukia jikoni, na Caiping, mkwe wa nyumba, alikuwa kitandani chumba cha nyuma, ananiita kila mara nikamsogezee mto. Siku ya kawaida kabisa. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu hapa Yukeng wanaodai waliona dalili tangu alfajiri. Waongo. Hakuna aliyeona kitu.

Ndipo nikasikia honi karibu na magoti yangu. Weiliang, mtoto wa pekee wa kaka na mume wa Caiping, alikuwa ameleta kigari cha mizigo alichokinunua juzi mpaka mlangoni, kimejaa mianzi, naye anacheka kama aliyemaliza vita. Kaka akatoka na bakuli la uji mkononi, akalizunguka gari, akalipigapiga ubavuni kama mtu anayempongeza fahali. Miaka yote mianzi ilibebwa mabegani kutoka darajani. Sasa basi.

Kwa aliyezaliwa Yukeng, gari kufika mlango ule lilikuwa jambo lisilowezekana. Kijiji chetu kimekaa kama mtu aliyeketi kitini: kilima cha nyuma ndicho egemeo, vilima viwili vya pembeni ndiyo mikono ya kiti, na kijito kinapita mbele kikijikunja kama mshipi kiunoni. Pazuri. Ubaya uko mbele tu, ng'ambo ya kijito upande wa mawio, kwenye upenyo kati ya milima miwili. Upenyo ule unautazama mlango wa nyumba yetu uso kwa uso. Kwa hiyo wazee wetu waliijenga njia ya kutoka darajani ikiwa na viwiko vitatu, na mwanzoni wakasimamisha ukuta mfupi, mnene, wenye jiwe lililochongwa maneno katikati. Mtu hupita kando ya ukuta, akakata kona, akafika. Kisicho mtu hakifiki, maana hakijui kukata kona.

Na kilichoko kwenye upenyo sisi tunakijua. Enzi za vita vya waasi walioitwa Nywele Ndefu, kundi la askari watoro lilishuka kupitia pale, limechoka, lina njaa, likaomba chakula. Watu wetu waliwakaribisha, wakawaketisha, wakawapa bakuli za wali. Walipoinama kula wakawapiga majembe ya kisogoni. Wakawazika hukohuko juu, wamesimama wima, kwa sababu mwamba haukukubali shimo pana. Bibi yangu alikuwa akitusimulia hayo huku anatupakulia chakula, bila haya.

Kaka yangu alikuwa mtu mwema, ila macho yake yalikuwa kwa jirani. Wenzake wa ng'ambo walikuwa wamejenga nyumba za saruji, magari yao yanalala mlangoni. Viwiko vyote vitatu vilikuwa kwenye viwanja vyake: banda la nguruwe, bustani ya mboga, kibanda kibovu cha kuwekea majani ya chai. Akamwita mtaalamu wa dira, mpima bahati za nyumba kutoka mjini, Bwana Qian, mtu wa tumbo na miwani. Qian akala bata mzima, akaizungusha dira yake, akasema siku hizi hata bahati inataka barabara pana. Nilimwambia kaka, usiache mbachao kwa msala upitao. Akanikumbusha kwamba binti aliyeolewa hana kauli katika nyumba ya baba yake. Basi majira ya kuchipua wakabomoa viwiko vyote, wakabomoa na ukuta. Lile jiwe likaviringishwa mpaka kisimani, likawa la kufulia nguo.

Jirani yetu Baoshu, mzee mwenye ulimi wa pilipili, alisimama siku ile na kiko chake akawatazama wanavyosawazisha udongo. Akasema, "Hongera, mdogo wangu. Umepata barabara. Na wao wamepata."

Kaka akamcheka. Na mwezi haujaisha, Caiping akaanza kutapika asubuhi.

Hapo ndipo mkasa ulipofungwa fundo. Caiping alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili, na ile ya pili ilitoka kesho yake baada ya Weiliang kupigilia msumari chumbani ili atundike koti. Kwetu nyumba yenye mimba haipigwi nyundo wala jembe. Roho ya mtoto hutangatanga humo, leo iko ukutani, kesho mlangoni, keshokutwa kwenye mguu wa kitanda au kwenye udongo wa njiani, na hujui utaipiga wapi. Kwa hiyo kubomoa tulikuwa tumeshabomoa, na kujenga tena hakukuwezekana mpaka mtoto azaliwe. Kaka alikusanya nyundo zote za nyumba akazifungia kwenye kasha. Hata kuni alikwenda kupasulia ng'ambo ya kijito.

Mimi niliitwa wakati huo, kuja kupika na kumuuguza, maana mama mkwe wake alishafariki. Daktari wa kliniki alikuwa amemwona anatokwa na damu, akamwamuru alale asinyanyuke hata kwenda msalani, na kwa barabara yetu ile ya mawe asithubutu kupanda gari. Kumhamisha nyumba, basi? Kwa mama yake hakutakiwa: binti aliyeolewa hazalii kwao, damu yake itawafilisi kaka zake. Na nani kijijini angekubali damu ya uzazi ya ukoo mwingine imwagike sakafuni kwake? Niligonga milango kadhaa. Walinipa chai, wakanipa pole, wakafunga.

Kitanda chake kilikuwa nyuma tu ya ukuta wa mbao wenye meza ya mababu. Chora mstari kutoka kwenye upenyo mpaka darajani, njiani, mlangoni, ua wa ndani, meza ya mababu. Unaishia kwenye mto aliolalia Caiping. Na kwetu kitanda cha mwenye mimba hakisogezwi hata shubiri.

Sasa nirudi siku ya gari. Jua lilipofika utosini, upepo ulikata. Weiliang alikuwa ndani anakula, gari limezimwa. Bata walikuwa wanavuka njia kwa msururu, na mimi nikasikia sauti ambayo mwanzoni niliidhani ya jikoni: vijiti kugonga bakuli. Vingi. Kwa pamoja. Sauti ilitoka darajani, ikaja, ikakoma.

Bata wa mbele walikuwa wamevuka. Wa nyuma walibaki ng'ambo. Wawili wa katikati walikuwa wamebandikwa ardhini kama maandazi yaliyokanyagwa. Na shuka nililolianika kukingama njia lilikuwa na tundu, kubwa, kingo zake zimechanika kwa ndani. Nililitazama sana tundu lile. Lilikuwa na mabega.

Nilipomwonyesha kaka, alilikunja shuka akalitia jikoni motoni. Akaniomba nisimwambie Caiping. Nikatoka mpaka darajani nikatazama ng'ambo, na ndipo nilipouona mstari uliokuwa ukitushukia tangu majira ya kuchipua nasi hatuna habari. Michai ya mlimani ilikuwa imelazwa chini, imekauka, kuanzia kwenye upenyo hadi kwenye kingo za kijito, upana wa mtu mmoja, bila kupinda popote. Hata kulipokuwa na jabali, mstari haukulizunguka. Jabali lilikuwa limepasuka.

Jioni nilipika chungu kizima cha wali, nikakipeleka darajani na bakuli safi, nikachoma udi, nikawaomba wale washibe warudi. Asubuhi wali ulikuwa umevimba kwa umande, haujaguswa. Baoshu aliponiona nazoa bakuli alitema mate kando. "Walishakula kwenu mara moja, Hexiang," alisema. "Ungekuwa wewe ungerudia?"

Siku hiyo akapoteza nyati wake wa kulimia. Alimfunga kando ya njia kama alivyozoea, na nyati kwa ujinga wake akasimama katikati, akakodolea macho darajani. Saa ya jua la utosi nilikuwa mlangoni, na safari hii niliona kwa macho yangu mawili. Vijiti vilianza kugonga. Nyati alikoroma, akainamisha pembe. Kisha akaanza kurudi nyuma akiwa amesimama, kwato zake zinalima udongo mifereji minne, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinamsukuma wala hakikuwa na haraka. Alijitahidi, maskini. Shingo ilivimba, macho yakatoka. Pembe moja ikavunjika, halafu ya pili. Halafu kifua kikaingia ndani, mbavu zikatokea mgongoni moja baada ya nyingine, nazo zilikuwa na sauti kama mianzi ikipasuliwa. Alikufa hajaanguka. Tulimkuta ameegemea hewa, na tulipomgusa ndipo akaporomoka.

Alikuwa amesogea kutoka nyumba ya Baoshu mpaka nusu ya njia. Kila siku, nikaelewa, walikuwa wanaongeza kipande.

Baoshu hakuwa mtu wa kulialia. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, alikuja na jembe, amebeba jiwe la kinu kwenye mkokoteni, akasema atalisimika palepale njiani, mimba na isimame au ianguke. Hakuwa na ubaya na Caiping. Alikuwa na wajukuu, na nyumba yake iko hatua chache tu kutoka mstarini. Aliinua jembe. Kaka akatoka mbio bila viatu akalidaka mpini.

Sijawahi kuona wazee wakipigana namna ile, na naomba nisione tena. Hawakutukanana. Baoshu alimpiga kaka kichwa puani, damu ikamjaa kinywani, kaka akamshika koo akamwangusha, wakabiringishana vumbini wakigombea jembe lile. Baoshu alimng'ata sikio akaondoka na kipande chake. Kaka akampiga kwa mpini gotini, nikalisikia goti. Weiliang na mimi tulijaribu kuwaachanisha. Mimi nilipigwa teke la tumbo nikakaa chini, na Weiliang akawa anasema tu, baba, basi, baba, basi, kama mtoto mdogo.

"Jiwe moja, Dingfu," Baoshu alikuwa akihema. "Niache nichimbe shimo moja."

"Ukichimba unamuua mjukuu wangu."

"Usipochimba watamuua wao."

Kaka akazidi kumkandamiza. Alikuwa amemkalia kifuani, mikono ya Baoshu ameikanyaga kwa magoti, na wote wawili walikuwa katikati ya njia. Walipigana muda mrefu kuliko walivyodhani. Mimi ndiye niliyetazama juu nikaona kivuli changu kimejificha chini ya miguu yangu.

Vijiti vikaanza kugonga.

Kaka aliruka pembeni. Sitamsingizia: hakumsukuma mtu. Aliruka kama ambavyo yeyote angeruka. Baoshu alijaribu kuinuka, na goti lile likamkataa. Alifika mpaka kukaa. Alifika mpaka kuinua mkono mmoja mbele yake, kiganja wazi, kama anayemwambia mtu asubiri. Kiganja kikakunjika kinyume. Mkono ukakunjika. Kisha akaanza kuja kuelekea kwetu amekaa, anaburutwa kinyumenyume, kinywa wazi, na kile kilichokuwa kikimsukuma kilikuwa kinamwingia. Uso wake ulikwenda ndani taratibu. Nilimfahamu mtu yule tangu utotoni mwangu. Mwisho wa kipande cha siku ile, palibaki vazi la samawati, kiko, na vitu vingine ambavyo wanawe walivikusanya kwa koleo.

Hakuna aliyemshtaki kaka. Wanawe Baoshu walipita na jeneza mbele ya mlango wetu, wakatazama ndani, wakatema mate, wakaenda. Kaka alikaa jikoni na sikio lake lililofungwa tambara. Nikamwambia ukweli wangu. Nikamwambia fungua kasha, toa nyundo, jenga ukuta leo, mimba ikiharibika Caiping bado kijana. Nilisema hivyo. Nilikuwa nampenda yule msichana, nikasema hivyo.

Caiping alikuwa amesikia. Nilipompelekea supu alinishika mkono, vidole vyake vya baridi. "Shangazi," alinong'ona, "huyu anacheza. Huyu yuko hai. Usiwaache wapige kitu." Tumbo lake lilisogea chini ya shuka, kisigino kidogo kikapita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nikaweka mkono pale, na habari ya ukuta sikuirudia tena.

Weiliang ndiye aliyefikiria gari. Gari halichimbi ardhi, alisema, gari halipigi nyundo. Kesho yake alilikingamisha njiani mbele ya mlango, akalijaza mawe, akatia breki. Hilo lilikuwa wazo zuri, na ningempongeza kama asingekaa ndani. Alisema breki ya mkono ni mbovu, lazima akanyage ile ya mguu. Kaka alimsihi ashuke. Akakataa. Alikuwa na mke nyuma ya ukuta ule.

Walipofika, chuma kililia. Vioo vikamwagika vyote mara moja. Ubavu wa gari ukaanza kubonyea kuelekea ndani, taratibu, ukichora kitu ambacho sikutaka kukitambua nikakitambua: kichwa, mabega, na nyuma yake mwingine, na mwingine, safu nzima, wamebanana. Magurudumu yakaburuzika kando mpaka gari likagonga kizingiti. Weiliang alipiga kelele moja. Mlango ulikuwa umemfunga miguu yote miwili juu ya goti kama mkasi. Jua liliposogea, ubavu wa gari ukabaki umebonyea na kimya kikarudi. Tulimtoa kwa shoka na mtaimbo, wanaume wa kijiji wakambeba juu ya ubao wa mlango kumpeleka kliniki, na miguu yake ikaletwa baadaye ndani ya gunia.

Na shoka lile, na mtaimbo ule, vilipigwa kizingitini petu. Nilimwona kaka akihesabu kila pigo kwa kufumba macho. Usiku ule Caiping alianza uchungu.

Kulipokucha bado hakuwa amejifungua. Mkunga wa kijiji alikuwa miguuni kwake, mimi kichwani, maji ya moto yanapanda na kushuka. Mtoto alikuja vibaya, amekaa. Mkunga alinikonyeza nikatoka naye mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba atapona mmoja tu kati ya wawili, na kwa vyovyote hatajifungua kabla ya jua la utosi. Nilimkuta kaka uani. Alikuwa ameshasikia. Alikuwa anatazama pale juu ambapo paa limeacha nafasi ya mvua na mwanga, na mwanga ulikuwa unashuka ukutani.

Alikwenda kisimani. Akarudi amelikumbatia lile jiwe la ukuta, mgongo umepinda, mapovu ya sabuni bado yamelikaukia. Jiwe ambalo watu wanne waliliviringisha, yeye peke yake alikuja nalo kifuani.

"Kaka, utalisimamisha wapi bila kuchimba?"

"Litasimama na mimi," alisema. "Nifunge."

Nilielewa na nikakataa. Akaniambia, kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, kwamba amemwacha Baoshu njiani, na kwamba Weiliang hana miguu, na kwamba ukuta si kitu kingine ila kitu kisichopisha. Nikachukua kamba ya mianzi. Nikamfunga kwenye nguzo iliyo mbele ya meza ya mababu, uso ukitazama mlango, jiwe kifuani, maneno yake yakiwa nje. Nilimfunga kiuno, kifua, mapaja. Mikono yangu ilikuwa na damu ya Caiping, ikabaki kwenye kamba. Aliniomba nimfute jasho machoni, ili aone. Nikamfuta.

Jua likafika utosini.

Vijiti vilianza mbali, vikaja. Vikapita gari. Vikapita kizingiti. Mchuzi uliokuwa mezani ukatetemeka. Nilikimbilia chumba cha nyuma nikafunga mlango, na kuanzia hapo nilisikia tu, na kupitia ufa wa mbao niliona kipande cha bega la kaka.

Hakulia. Alianza kuongea. Aliwaambia amewakosea, babu zake wamewakosea, chakula kile hakikuwa chakula. Kisha maneno yakakatika kwa sababu pumzi ilikatika. Nikasikia jiwe likisaga. Nikasikia mbavu, nami nilikuwa nimeshaijua sauti hiyo. Nguzo ikalalama. Kamba zikakatika, moja, ya pili. Ukuta wa mbao ukabinuka kuelekea kwetu, vibao vya majina ya mababu vikaanguka mezani, na kupitia kwenye ufa ikaanza kutiririka damu, nyembamba, ikashuka hadi sakafuni, ikaja mpaka kwenye mguu wa kitanda.

Mkunga alikuwa amefumba macho anavuta. Caiping alikuwa ameng'ata taulo.

Ubao mmoja ukapasuka. Jiwe likatokeza, ncha tu, juu ya kichwa chake, na nyuma ya jiwe palikuwa na kitu cha kaka yangu ambacho sitakisema. Vijiti viligonga humohumo chumbani. Viligonga masikioni mwetu.

Mtoto akalia.

Kila kitu kikanyamaza. Mkunga alimwinua, msichana, mwekundu, mzima, na mkono wa Caiping ukamfuata hewani. Mama akapona. Mtoto akapona. Niliketi sakafuni kwenye damu ya kaka nikacheka na kulia kwa pamoja, na siioni aibu.

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa njiani na majembe, hata wana wa Baoshu. Hapakuwa tena na mimba ya kuogopewa. Walijenga ukuta mnene kuliko wa zamani, wakarudisha viwiko vyote. Kaka tulimwosha mimi na wanawe Baoshu. Ilichukua muda mrefu, na jeneza halikuhitajika la urefu wa kawaida. Tangu siku ile njia imetulia. Bata wanavuka saa yoyote, na huko mlimani michai imechipua mstari mzima. Watu husema Dingfu aliwazuia, na mimi humchomea udi kila sikukuu ya makaburi, namwambia, kaka, uliwazuia.

Weiliang na Caiping hawakutaka kubaki. Wamepanga mjini, ghorofa ya tano, yeye anatengeneza redio na simu akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mtoto wamemwita Anning. Nilikwenda kuwaona alipoanza kutambaa. Mtoto mzuri, mnene, hasumbui. Nilimweka katikati ya sakafu, akatambaa mbele mpaka ukutani. Hakugeuka. Aliweka paji la uso kwenye ukuta, akaendelea kutambaa palepale, magoti yanakwenda, yanakwenda, mpaka mama yake akaja akamgeuza kwa mikono. Alipoachiwa akajipindua kuelekea ukuta uleule. Ni upande wa machweo, kulekule mstari wa Yukeng ulikokuwa ukielekea. Rangi ya ukuta ilikuwa imeshachakaa kwa chini, kimo cha kichwa chake. Caiping aliona nimeona. Alinipakulia chakula, akazungumzia bei ya mboga.

Upande ule ndio wenye dirisha.

Juzi alinipigia simu, anaongea kwa kunong'ona ili Weiliang asisikie. Anning amejifunza kupanda viti. Kwa hiyo wameliziba dirisha, alisema, kwa matofali na saruji, fundi kalijenga imara, lina wiki sasa. Nikamwambia vizuri, mwanangu, umefanya vizuri.

Nikamsikia akifunga mlango.

"Shangazi," akasema, "leo mchana nimemkuta amesimama juu ya kiti, paji la uso kwenye matofali. Tofali moja limeshasukumwa nje."